Mbegu za bibi jirani, na bakteria niliyemtafuta miaka mitatu

Msimu wa 2019 mama alilima ekari moja ya Supa kule kwetu bonde la Kilombero, mi nilikuwa mwaka wa pili chuo nasomea kilimo, nikarudi likizo fupi ya mwezi wa pili nikakuta mpunga umeshika vizuri, nikamwambia mama safari hii tusibanie urea, tuweke mara mbili ya ile tuliyozoea. Mama hakubisha. Alichukua mkopo mdogo kwenye kikoba akaongeza mfuko. Na kweli mpunga ulipendeza, kijani ile nzito mpaka wapita njia wanasimama kuangalia, nikarudi chuo roho imetulia kabisa.

Mwezi wa nne akanipigia, "mwanangu, mpunga umeungua."

Nilivyofika nikakuta majani yana madoa yenye umbo la jicho, ncha mbili zimechongoka, katikati kijivu pembeni kahawia, na yale masuke yaliyokuwa yametoka mengi yalikuwa meupe yamesimama wima. Wima, yaani ukiliona suke la mpunga limesimama wima wakati wenzake yanainama ujue ndani hamna kitu, ukilibonyeza ni mapepe tu. Shingo ya suke ilikuwa nyeusi, unaivuta kidogo inakatika. Ekari ambayo ilikuwa inatupa gunia 14 ikatupa 4, na kikoba kinadai.

Ni blasti, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na fangasi. Fangasi mwenyewe anaitwa Magnaporthe oryzae, na mwaka 2012 wataalamu wa magonjwa ya mimea walipopigiana kura kupanga fangasi 10 muhimu kuliko wote kwao, huyu ndo alishika namba 1. Inakadiriwa mpunga anaoharibu duniani kwa mwaka ungelisha watu milioni 60. Namna anavyoingia kwenye jani ndo ilinishangaza kuliko vyote, mbegu yake ndogo inatua kwenye jani lenye unyevu, inajigandisha, inaota kijimrija, ncha ya kijimrija inavimba inakuwa kama kipira kigumu cheusi, na ndani ya kile kipira presha inapanda mpaka imepimwa kufika megapaskali 8, hiyo ni kama mara 40 ya upepo wa tairi la gari, alafu kinachomoka kitu kama msumari kinatoboa ngozi ya jani. Anachotaka ni jani libaki na maji usiku kucha, joto la wastani, na jani laini. Jani linakuwa laini ukilipa naitrojeni nyingi, na urea ni mbolea ya naitrojeni. Hiyo urea nilishauri mi mwenyewe, na siku nilipoisoma hiyo sentensi kwenye kitabu nililia, sioni aibu kusema.

Sasa jirani yetu kuna bibi mmoja, jaruba lake na letu yanatenganishwa na tuta tu. Supa ileile, alipandikiza wiki ileile, mvua ileile, umande uleule. Mpunga wake ulikuwa na madoa machache machache kwenye majani ya chini na masuke yameinama yamejaa. Nilisimama juu ya lile tuta muda mrefu sana naangalia kushoto naangalia kulia.

Nikaenda kwake jioni. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, mpunga wa mama yako nimeuona, poleni sana. Nikamuuliza bibi wewe ulipiga dawa gani. Akasema "dawa ya nini, hela ya dawa natoa wapi? Mi mbegu sinunui wala siombi. Kila mwaka kabla watu hawajaingia kuvuna napita mwenyewe na kisu, suke ambalo halina doa shingoni na limejaa nalikata naweka kwenye kapu, hilo ndo mbegu. Nimeanza tangu nimeolewa, mama mkwe alinionesha." Akaendelea kuongea mambo mengi, kitalu chake anavyokitengeneza, anavyomwaga majivu ya pumba, mi masikio yangu yalibaki kwenye mbegu. Hayo majivu yalikuja kunirudia baadae.

Mbegu ya mama ilikuwa imenunuliwa kwa mtu sokoni, mchanganyiko wa mashamba mbalimbali.

Nilimaliza digrii 2020, nikapata nafasi ya kuendelea na masters, na wakati natafuta cha kufanyia risechi mwanzoni mwa 2021 nikakutana na utafiti uliotoka China, Chuo Kikuu cha Zhejiang na wenzao wa Graz kule Austria. Waliona kitu kilekile nilichokiona juu ya tuta. Aina moja ya mpunga, Zhongzao 39, kuna maeneo inaumwa na kuna maeneo haiumwi, na vinasaba ni vilevile. Wakapekua ndani ya mbegu wakakuta mpunga usioumwa umejaa bakteria anaitwa Sphingomonas melonis, anarithishwa kutoka mbegu hadi mbegu, kizazi hadi kizazi, na anatoa kemikali, asidi ya anthraniliki, ambayo inamzuia adui asitengeneze sumu yake. Adui wa kwao ni bakteria mwenzake, Burkholderia plantarii, anayeua miche, siyo fangasi. Lakini wazo lenyewe lilinikaa kichwani wiki nzima silali vizuri, kwamba mama mtu hamwachii mtoto vinasaba peke yake, anamwachia na walinzi. Na bibi na kisu chake amekuwa akichagua walinzi miaka yote hiyo bila kuwaona.

Msimamizi wangu, tunamwita Dokta, mama mmoja mtaratibu sana, akasikiliza yote akasema sawa, kachukue mbegu ya bibi na mbegu ya mama yako, mpya, maana mbegu ikikaa ghalani bakteria wanapungua, na uniambie kilichopo ndani. Siyo nje, ndani.

Hilo neno ndani lilinila miezi mitatu. Mbegu ya mpunga nje imejaa kila kitu, vumbi la uwanja, la gunia, mikono ya watu. Ukitaka wa ndani lazima uue wa nje, unaosha na spiriti ya asilimia 70 kisha jiki iliyopimwa kisha maji safi mara nyingi. Mara ya kwanza niliacha kwenye jiki muda mrefu nikihofia uchafu, nikasaga mbegu nikamwaga kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria kwenye sahani, siku tano hakuota hata mmoja, jiki ilikuwa imepenya ikaua mpaka waliomo. Nikapunguza, sahani zote zikafunikwa na ukungu mweusi kama pamba imemwagiwa masizi. Nikaenda hivo mbele nyuma mbele nyuma. Kilichoniokoa ni kitu kidogo ambacho Dokta alinionesha na ambacho namwambia kila mwanafunzi saivi, yale maji ya mwisho ya kuoshea usiyamwage, chukua tone lipande kwenye sahani yake peke yake. Likiota kitu, kuosha kwako hakujakamilika na usiamini chochote ulichopata siku hiyo. Lisipoota kitu na mbegu iliyosagwa ikaota, hao sasa ni wa ndani. Na ganda nalo, nilijifunza kumenya mbegu kwa mkono moja moja, maana waliojificha kati ya ganda na punje ni kundi tofauti kabisa na walio ndani ya punje, ukisaga pamoja huwezi kujua nani ametoka wapi.

Walivyoanza kuota nilifurahi jamani. Wengi wa njano, njano ya kila namna, ya ndimu, ya yai, ya manjano ya kupikia, kuna wa rangi ya waridi wanaoota polepole mpaka unakata tamaa, kuna weupe wanaotambaa. Wale wa njano wengi huwa ni Pantoea, Sphingomonas, Microbacterium, Xanthomonas na ndugu zao, wa waridi mara nyingi ni Methylobacterium. Kwenye mbegu ya bibi na ya mama wengi walikuwa walewale, nilitegemea tofauti kama mchana na usiku na haikuwa hivo. Tofauti ilikuwa kwenye wingi, na wachache sana walikuwa upande wa bibi peke yake. Jumla nikabaki na aina 47 nikazipa namba.

Alafu umeme. Mwezi wa saba tulikatiwa umeme siku mbili na jenereta haikuwaka, friza niliyohifadhi bakteria wote kwenye gliseroli, kimiminika kinachowalinda wakigandishwa, ikayeyuka. 11 hawakuamka tena. Walioponea ni kwa sababu binti mmoja tuliyekuwa naye maabara alikuwa ananikumbusha kila wiki nipande na kwenye vichupa vya agari niweke kabatini, mi nikiona anasumbua. Tangu siku ile kila bakteria ninaye sehemu mbili, na sehemu ya pili haitegemei umeme.

Kazi iliyofuata kila mtu wa fani hii anaijua. Unachukua sahani ya sentimita 9 yenye agari ya viazi, fangasi unamweka upande mmoja, bakteria unamchora mstari upande wa pili, unasubiri. Fangasi akikua akafika karibu akasimama, pakabaki uwazi katikati, huyo bakteria anatoa kitu kinachomzuia. Unapima kwa rula ukilinganisha na sahani ya fangasi aliye peke yake. Ni jaribio rahisi na la bei nafuu na macho yanalipenda, na kwa kweli ndo lilinipotezea muda kuliko kitu kingine chochote.

Maana nilipata nyota wawili. Wa kwanza mweupe anatambaa, nilimpa namba 7, uwazi wake ulikuwa karibu sentimita mbili, nikapiga picha nikamtumia mama kwa simu nikamwambia tumempata. Nikawa nishaanza kupanga mpaka namna ya kumweka kwenye pakiti. Dokta akauliza umempima kwenye agari ya damu, maana anayeyeyusha damu anaweza kudhuru na watu? Nikampima, kesho yake damu yote iliyomzunguka imeyeyuka, sahani inapitisha mwanga. Tulipopata majibu ya vinasaba akaangukia kundi la Bacillus cereus. Nani hamjui huyo, hata kama hujui jina lake, ni yule anayekufanya utapike ukila wali wa kiporo uliolala nje usiku kucha, spora zake, yaani ile hali yake ya kulala ndani ya ganda gumu, zinastahimili kuchemshwa, wali ukikaa kwenye joto anaamka anatengeneza sumu, na ile ya kutapisha hata ukipasha moto haiondoki. Na kipande cha kinasaba tulichosoma sisi hakiwezi kutenganisha vizuri ndugu wa kundi lile, wapo humo wa kuua wadudu na yupo humo wa kimeta. Dokta akasema huyu hatumpi mkulima ashike kwa mikono, funga hilo faili. Niliumia ila alikuwa sahihi.

Wa pili, namba 31, alikuwa anatoa rangi ya njano inayosambaa kwenye agari yote na fangasi hasogei kabisa. Huyu damu hakuyeyusha. Nikasema basi huyu ndo mwenyewe. Nikalowesha mbegu safi kwenye maji yake, nikaotesha, siku ya sita miche yake mifupi, mizizi ya kahawia, mingine imeoza pale inapotokea kwenye punje. Majibu yakasema Burkholderia, na dalili zote ni za yule anayeitwa glumae, ambaye ni ugonjwa wa mpunga wenyewe, anaozesha miche na masuke, na ile rangi ya njano ni sumu yake toksoflavini ambayo inaua fangasi na inaumiza mpunga vilevile. Alikuwa anamfukuza mwizi ili aibe yeye.

Hapo nilikaa wiki mbili sifanyi kitu, miezi tisa imeisha, nyota wote wawili hawafai. Dokta akaniita ofisini akanipa chai akaniambia maneno ambayo niliyaandika nyuma ya daftari: mkulima hapandi mpunga kwenye sahani ya agari, kwanini wewe unachagua kwa sahani? Waliobaki wote, hata wale ambao kwenye sahani hawakufanya lolote, wapeleke kwenye mmea.

Kazi ile ni nzito, sidanganyi. Kila bakteria vikombe vyake, kila kikombe miche sita, na vikombe vya mbegu zilizoloweshwa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha, na vyote unavizungusha ndani ya skrinihausi, ile nyumba ya wavu ya kuoteshea mimea, kila baada ya siku mbili ili pasiwe na kikombe kinachopata jua zaidi. Mbegu yenyewe inabidi uioshe kwanza uwapunguze waliomo ndo umpandikize unayemtaka. Fangasi naye unamlisha agari ya oti na mwanga mpaka atoe mbegu zake, unazihesabu kwenye maikroskopu unazifikisha 100,000 kwa mililita moja, unachanganya na jelatini kidogo zigande, unaipulizia miche ikiwa na majani matatu au manne. Alafu unaifunika na nailoni giza na unyevu saa 24. Siku ya saba unahesabu madoa, jani moja moja. Nilikuwa nafika saa kumi na mbili asubuhi naondoka mfagizi anafunga mlango.

Aliyejitokeza alikuwa bakteria namba 22. Kwenye sahani alikuwa hana kitu, fangasi alimpita juu kabisa. Ana rangi ya ndimu mbivu, kila mtu maabara akawa anamwita Ndimu. Kwenye miche madoa yalikuwa machache na yale yaliyokuwepo yalikuwa vidoti vidogo vya kahawia ambavyo havikui kuwa jicho, na jicho ndo linalotoa mbegu za kuambukiza wengine, kwaiyo doa lisipofungua jicho ni ushindi mkubwa kuliko linavyoonekana. Nikarudia. Nikarudia tena nikamwomba yule binti avipange vikombe na aandike namba mi nisizijue, nihesabu bila kujua nani ni nani, maana nilianza kujiogopa, mtu akishapenda kitu macho yake yanaanza kumsaidia. Akatoka tena Ndimu. Alikuwa ametoka kwenye mbegu ya bibi, ndani ya punje, na majibu yakamweka kwenye Microbacterium.

Sasa anafanyaje kazi wakati hagusi fangasi? Nikafanya jaribio moja ambalo mpaka leo nalipenda. Kile kipira cheusi cha presha fangasi anaweza kukitengeneza hata juu ya plastiki nyembamba inayokataa maji, anadhani ni jani. Unaweka tone la mbegu za fangasi juu ya plastiki, tone lingine lenye bakteria pamoja, unasubiri usiku kucha, asubuhi unahesabu. Watu wa Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani walishaonesha kwamba bakteria wao wa kwenye udongo wa mizizi ya mpunga, Pseudomonas chlororaphis EA105, anapunguza hivyo vipira kwa karibu asilimia 90. Ndimu wangu hakufika popote huko. Alipunguza kidogo tu. Basi tukawaza labda anauamsha mmea wenyewe ujilinde, tukaweka bakteria kwenye mizizi peke yake na fangasi juu ya majani, hawajakutana kabisa, na bado madoa yalipungua. Kwaiyo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mpunga, Ndimu anagonga mlango tu kuamsha watu wa ndani. Ndo maana sahani haikumwona, kwenye sahani hamna mpunga wa kuamshwa.

Nikiwa katikati ya furaha hiyo Dokta akauliza swali moja kwenye kikao mbele ya watu: yule bibi, kitaluni kwake anaweka nini? Mwili ukafa ganzi. Majivu ya pumba. Pumba za mpunga zimejaa silika, madini yaleyale ya mchanga, ukichoma majivu yake karibu yote ni silika, na mpunga ukiivuta unaijenga kwenye ngozi ya jani inakuwa ngumu, ni jambo linalojulikana miaka mingi kwamba inapunguza blasti. Na bibi hana hela ya urea nyingi. Kwaiyo pale kwenye tuta kushoto na kulia hapakuwa na tofauti moja, palikuwa na tatu, na mi nilikuwa nimeshika moja nakimbia nayo.

Ilibidi kuanza upya kwa utaratibu mwingine. Mbegu ya bibi na ya mama, kila moja na majivu na bila majivu, na urea kidogo na urea nyingi. Ilinichukua msimu mzima. Matokeo kwa maneno ya kawaida ni kwamba majivu yalisaidia hata mbegu ya mama, mbegu ya bibi ilisaidia hata bila majivu, viwili pamoja vilikuwa bora zaidi, na urea nyingi ilirudisha nyuma karibu kila kitu. Hapo pa urea nilihesabu yale majani nikimkumbuka mama na kile kikoba.

Alafu udongo. Kwenye udongo tuliouchemsha Ndimu alikuwa anafanya vizuri sana, nikaleta gunia la udongo wa jarubani kwetu bila kuuchemsha, nguvu ikashuka karibu nusu. Udongo una wenyeji wake, mgeni hapewi nafasi bure. Anayekuonesha matokeo ya udongo uliochemshwa peke yake mwombe akuoneshe na wa shambani kabla hujampongeza.

Msimu wa 2022 kwenda 2023 mama akanipa majaruba mawili na bibi akanipa moja. Tulichagua mbegu kwa maji ya chumvi kwanza, ile ya yai, unaongeza chumvi mpaka yai bichi lielee, mapepe na mbegu nyepesi zinaelea unazitoa, zilizozama unaziosha kwa maji safi mara kadhaa. Kwa wanaoogopa chumvi itaua bakteria, niliipima, walio ndani ya punje hawakutikisika kwa dakika zile chache. Nusu ya mbegu tukaipaka Ndimu aliyechanganywa na unga wa talki, mfano wa wanavyofanya Tamil Nadu kule India ambako wakulima wanashauriwa gramu 10 za unga wenye bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, kwa kila kilo ya mbegu. Nusu tukaacha. Urea kwa kipimo, mara mbili kidogo kidogo.

Mwezi wa pili na wa tatu ulikuwa raha, madoa ya majani upande wa Ndimu yalikuwa machache na mama mwenyewe bila kuambiwa upi ni upi akaonesha kwa kidole. Masuke yalivyotoka mwezi wa nne mvua zikashika, na blasti ya shingo ikaingia pande zote mbili karibu sawa. Nilihesabu masuke mpaka usiku na tochi nikitafuta tofauti, sikuipata. Bakteria aliyewekwa kwenye mbegu mwezi wa kwanza hayupo wa kutosha shingoni mwa suke mwezi wa nne, au yupo na mmea umeshachoka kuamshwa. Wengine wanapulizia tena mpunga ukikaribia kutoa suke, hilo ndo tunalolijaribu sasa. Ila msimu ule mama alivuna gunia 12, na mchango mkubwa naamini ni wa urea ya kipimo na mbegu iliyochaguliwa, Ndimu nampa sehemu yake tu.

Bibi nilienda kumwonesha sahani, nimeifunga vizuri kwa tepu. Aliishika akaigeuza kwenye jua akaangalia yale matone ya njano muda mrefu. Akaniuliza "hawa ndo wanakaa kwenye mbegu yangu?" Nikamwambia ndio bibi, hawa. Akaniuliza wanakula nini. Nikamweleza wanakula sukari kidogo inayovuja kwenye mpunga. Akasema "basi ni wapangaji wanaolipa kodi," akanirudishia, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha mbegu ya msimu ujao akanipa kilo mbili bila kuniomba chochote.

Kitu kimoja bado hakijaisha. Nataka kujua Ndimu anarithishwa au ananiacha kila msimu. Tulimtengenezea alama, tukamzoesha kuvumilia rifampisini, ile dawa ya TB, ili nikisaga mbegu nikamwaga kwenye agari yenye dawa aote yeye wengine wafe, na huyo mwenye alama hatoki skrinihausi, shambani hatumpeleki hata kwa bahati mbaya. Nimemfuata kwenye mizizi yupo, kwenye shina yupo, juu anapungua. Nilisaga mbegu 60 za kizazi kilichofuata, moja moja, sahani 60, yale maji ya mwisho ya kuoshea yote hayakuota kitu. Ameota kwenye 4. Mimea iliyozaa hizo 4 nimeifunga uzi mwekundu na mbegu zake nyingine zimeloweshwa jana jioni.